Nilivyomfundisha Mjane Kucheza Vibaya

Zimeni muziki kwanza. Najua hamtafurahi, maana ninyi mkiingia ukumbini kitu cha kwanza mnachotafuta ni waya wa bafle, yaani spika, hata kabla ya kusalimia wakubwa. Zimeni, kaeni kwenye benchi, msome. Mimi magoti yangu yamestaafu kabla ya moyo wangu, na siku hizi niko Kasungami nalima mahindi na kugombana na kuku. Darasa la ngoma nimemwachia Espérance, mtoto wa mdogo wangu, ambaye mnamjua kwa sauti yake. Ndiye aliyenisukuma niwaandikie ninyi mnaoanza kufundisha. Alikuja shambani, akageuza ndoo, akakaa juu yake, akasema:

"Mama mukubwa, andika ile yote unayua, mbele ya kusahau."

Nikamwambia sijasahau kitu hata kimoja.

"Voilà. Njo maana uandike sasa."

Huyo ni damu yangu, sina la kufanya. Kwa hiyo mbinu nitawapa, ila hazitakuja kwa mpangilio, maana hata darasani hazikuja kwa mpangilio.

Ukumbi wetu mnaujua: nyuma ya parokia, kule Katuba, sakafu ya saruji, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na umeme unaokuja ukijisikia. Hapo nimefundisha watoto, vijana na watu wazima, kila kundi na siku yake. Watu hudhani tofauti ya makundi hayo ni umri. Hapana. Tofauti ni mahali ambapo kila mmoja ameificha hofu yake.

Watoto wadogo hawajaificha popote, kwa hiyo hao ni rahisi, na wanachosha kuliko wote. Msiwafundishe miguu. Mguu wa mtoto bado haujui uko upande gani. Mfundisheni mdomo. Aimbe ngoma kwa mdomo, ti-ku-ti, ti-ku-ti, mpaka anogewe, halafu mtaona mguu unakuja wenyewe kama mbuzi anayefuata majani. Na mtoto akianguka, msimcheke wala msimwonee huruma, endeleeni kama vile kuanguka ni sehemu ya ngoma. Krismasi moja mtoto wa mstari wa mbele aliteleza akakaa chini, na wenzake wote, kwa kuwa walikuwa wamezoea kumfuata, wakakaa chini pamoja, pu! Wazazi wakapiga makofi mpaka mikono ikawauma, wakaja kunipongeza kwa ubunifu. Sikuwasahihisha.

Vijana ni habari nyingine. Ninyi mmetoka ujanani juzi, kwa hiyo mnadhani mnawajua. Hofu ya kijana iko usoni mwa wenzake, anacheza huku anawachungulia. Siku hizi wameongeza simu. Mnajua arusi zetu, maharusi hawaingii ukumbini kwa kutembea, wanaingia kwa kucheza, na mbele yao ndugu wamejipanga. Familia moja ya Kamalondo ilitaka wazazi waingie upande huu na vijana upande ule, wakutane katikati, wageuke pamoja kwenda mbele. Wazazi niliwafundisha mimi. Vijana walikuwa na kiongozi wao, binti mmoja anaitwa Gloire, mwenye kiuno kisicho na mfupa na ulimi vilevile.

"Mama Odile, usichoke bure," akaniambia. "Minacheza ku telefone, nabatumia bote, kila muntu anajifunza ku nyumba yake."

Wakajifunza kweli, na walikuwa safi kama askari. Kasoro ilikuwa moja tu. Gloire alijipiga video akiwa ameitazama simu, na aliye ndani ya simu anakuangalia usoni, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Kundi zima lilikuwa limejifunza ngoma kinyume, tena kwa umoja wa ajabu. Siku ya arusi wakakutana katikati, wazazi wakageuka kwenda mbele, vijana wakageuka kwenda mlangoni, wakagongana tumbo kwa tumbo mbele ya wageni wote. Mjomba wa bibi arusi alipoteza kiatu, na alikitafuta mpaka keki ilipokatwa.

Kwa hiyo hili lishikeni: mwalimu hasimami mbele. Aliyenifundisha hilo ni Papa Donatien. Alikuwa mtu wa reli, na jioni baada ya kazi alikuwa akifundisha rumba kwenye klabu ya wafanyakazi, nami nilikuwa msichana mwembamba niliyekwenda kuchungulia na kubaki. Alikuwa akisimama nyuma yetu. Tulikuwa tunamsikia tu, sauti na harufu ya tumbaku.

"Nikiikala mbele yako, utacheza sawa miye," alikuwa akisema. "Nikiikala nyuma, utacheza sawa weye."

Na kuhusu muziki alikuwa na neno lake jingine. "Muimbaji ni muntu ya bongo, ya kudanganya. Anakuliza, juu usahau miguu yako. Sikia gitare ya basi. Ile haina bongo." Basi yake ni lile gitaa la sauti nene; tangu hapo nikisikia rumba sisikii maneno kabisa. Watu wakiniuliza wimbo fulani unasemaje, nawaambia unasema dum, du-dum.

Mengine ya Papa Donatien niliyaacha. Alikuwa na kifimbo cha kugonga visigino vya wanaochelewa, na mimi niliona kisigino kilichogongwa kinaogopa fimbo badala ya kusikiliza basi. Badala ya kifimbo nilileta benchi. Watu wazima huja na miguu yao na aibu yao, na aibu ndiyo nzito zaidi. Ukiwasimamisha siku ya kwanza watakulaumu. Asiyejua kucheza husema uwanja mbovu, na kwangu wamelaumu saruji, wamelaumu viatu, na mmoja alilaumu bukari aliyokula mchana. Waketisheni. Wacheze wakiwa wamekaa, mabega kwanza, halafu kiuno, kila mtu amejibana katikati ya jirani zake. Mtu akiwa amekaa haoni kama anacheza, anaona anajinyoosha tu. Utakapomwambia simama, mwili umeshaanza zamani, umemwacha yeye nyuma.

Watu husema samaki mkunje angali mbichi, wakimaanisha mtu mzima hafundishiki. Anayesema hivyo hajakutana na Mama Julienne, na sasa nafika kwake, maana Espérance ameniambia nisipoandika habari hii ataiandika yeye, naye ataiharibu.

Mama Julienne alikuja Jumapili moja baada ya misa, amevaa nyeusi tangu kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Darasa la wakubwa likageuka kumtazama. Mjane wa nguo nyeusi hafiki kwenye ngoma, kila mtu anajua. Yeye mwenyewe alisimama nje ya mlango, hakukanyaga ndani, akaniita kwa mkono. Tulikuwa tunajuana kwa kupeana amani kanisani, basi.

"Mama Odile, nakuomba unifunze kucheza," akasema. "Lakini haina sana."

"Haina sana, namna gani?"

"Kiloko, kidogo tu. Haina muzuri, haina mubaya. Katikati."

Nilidhani mama huyu msiba umemgusa kichwani. Nikampeleka chini ya paa la sakristia, tukakaa, akanieleza.

Mume wake, Papa Anselme, alikuwa fundi wa magari makubwa ya mgodi, upande wa Kinsevere. Alikuwa ameugua kifua, akafa, na sasa mwaka wa msiba ulikuwa unaelekea kuisha. Ukoo wake ni watu wa kaskazini, kutoka Kongolo, wakatoliki wa zamani, ambao babu zao walikuja huku kwa ajili ya reli na shaba. Na katika ukoo huo siku ya kutosha kilio, yaani siku ya kumtoa mjane msibani, ina utaratibu wake. Mjane anaoshwa, anavishwa kikwembe kipya, yaani kitenge, lakini kitambaa cheusi cha kichwani kinabaki. Halafu anaingia katikati ya uwanja peke yake na kufungua ngoma, mama wa marehemu amekaa mbele anamtazama. Mama huyo akiridhika, anasimama na kukifungua kitambaa kwa mkono wake. Asiporidhika, anabaki amekaa. Kitambaa kinabaki kichwani, na watu wanapanga siku nyingine, na siku nyingine inaweza kuwa mbali.

"Na mi siwezi tena kungoja," Mama Julienne akasema. "Kazi yangu ni Sakania, ku mupaka. Nauza bitu ya kule. Mwaka muzima sijapanda gari, juu mujane hasafiri na nguo mweusi. Bakiriya bangu bote banaenda kwa bengine. Bana iko ku masomo, Mama Odile. Kile kitambaa kikibakia, kazi inakufa kabisa."

"Basi ucheze vizuri, wakufungulie."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto.

"Nikicheza muzuri, belle-sœur yangu Béa, dada ya bwana, iko pale. Atasema: muone, alikuwa anangoja tu bwana afe. Nikicheza mubaya, banasema: roho yake haiyatoka ku kilio, abakie. Tantine Béa ameshasema ku robinet ya mayi, bantu bote banasikia: 'Tutaona kiuno yake ile siku.'"

Vijana wangu, katika maisha yangu yote watu walikuja kuniomba niwafundishe kucheza vizuri. Wengine waliomba kucheza vizuri haraka, wengine kuwashinda majirani. Hakuna aliyewahi kuja kuniomba wastani. Kusema kweli, nilijisikia nimepewa heshima. Nikamwambia aje siku za juma, mchana, wakati ukumbi uko mtupu, nifunge mlango.

Alikuja. Nikamketisha kwenye benchi, nikaanza na mabega. Mabega yakaenda. Nikaanza na kiuno. Kiuno kikaenda. Nikamsimamisha, nikakaa nyuma yake, nikamwambia atembee tu, asikilize basi. Akatembea vizuri, kwa adabu, mikono mbele. Espérance, ambaye siku hizo alikuwa msaidizi wangu, ndiye aliyekuwa kwenye bafle. Akauacha wimbo ukaenda mpaka seben, ile sehemu ambapo mwimbaji ananyamaza na gitaa linachangamka. Na hapo Mama Julienne akafunguka.

Sijui niwaambieje. Mabega yalipanda, goti likakunjika chini, mkono wa kulia ukashika ukingo wa kofia ambayo haikuwepo, na mguu wa kushoto ukawa unachora sakafu polepole, bila haraka yoyote, wakati muziki unakimbia. Ilikuwa ngoma ya mwanamume. Mimi na Espérance tukatazamana. Katuba nzima iliijua ngoma hiyo. Ilikuwa ya Papa Anselme. Kwenye arusi watu walikuwa wanaacha nyama sahanini ili wakaitazame.

Aliposimama, alikuwa anahema, na uso umemwiva kwa woga.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Sikujifunza. Miaka yote yeye alikuwa anacheza, mi naikala na koti yake ku mapaja. Nilikuwa namuangalia."

"Hamkuwahi kucheza pamoja hata siku moja?"

"Na koti, nani atachunga?"

Espérance akacheka, halafu akaanza kulia, halafu akajifanya anarekebisha waya. Mama Julienne hakulia. Yeye alikuwa anawaza uwanja wa wakwe zake.

"Mama Odile, c'est grave. Bakiona hii, batasema namucheka mufu. Mbele ya mama yake!"

Nami niliogopa pamoja naye. Mjane kucheza ngoma ya mumewe, mbele ya mama aliyemzaa, siku ya kumtosha msibani! Nilikuwa sijawahi kuona wala kusikia. Nikaona njia ni moja: kuibomoa hiyo ngoma, kipande kwa kipande, mpaka ibaki kitu kidogo cha heshima ambacho hata Tantine Béa hatapata pa kukishika.

Tukaanza kazi ambayo sijaifanya tena mpaka leo. Nilimfunga viwiko kiunoni kwa kipande cha kikwembe ili mabega yasipande. Nilimfundisha kuchelewa: basi ikipiga, kwanza avute pumzi, ndipo aguse chini. Nilimwambia afikirie sufuria ya maharage iliyoachwa jikoni inataka kuungua. Alikuwa anaendelea vizuri, yaani vibaya, mpaka seben inaingia, na hapo kiwiko kinajinyofoa na kofia isiyoonekana inashikwa tena. Naagiza muziki usimamishwe. Tunaanza upya.

"Mama mukubwa," Espérance akaniuliza siku moja, "unafunza ao unabomoa?"

"Nafundisha adabu. Rudisha wimbo."

Mtu asiwadanganye, kucheza vibaya kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kucheza vizuri. Anayecheza vibaya kwa kutojua, mwili wake una amani. Anayecheza vibaya huku anajua, kila kiungo kinamgombeza. Mama Julienne alikuwa akitoka hapo amechoka kama mtu aliyechimba shimo. Lakini hakukosa kuja. Na nilimpenda mwanamke yule, nasema wazi. Siku ambazo umeme ulikatika tulikuwa tunakaa kwenye benchi tunaimba basi kwa mdomo, dum, du-dum, mpaka mmoja wetu akosee, na hapo alikuwa anacheka, halafu anaziba mdomo haraka na kitambaa chake cheusi, kwa sababu mtu wa msibani hachekagi. Nilikuwa natamani kumwambia toa mkono mdomoni, mama, cheka. Sikumwambia, maana nilikuwa mwalimu wa adabu.

Siku ikafika. Ilikuwa mchana, kwenye uwanja wa wakwe zake, bashi limetandwa juu kukinga jua, viti vya plastiki, bafle mbili na jenereta inayokohoa nyuma ya nyumba. Katekista aliomba sala, watu wakala. Mimi na Espérance tulikuwa tumealikwa pamoja na akina mama wa parokia, tukakaa safu ya nyuma. Mbele kabisa alikaa mama wa marehemu, Kambo Philomène, yaani Bibi Philomène, kikongwe mdogo ambaye miguu yake haikufika chini kwenye kiti. Pembeni yake Tantine Béa, mikono kifuani, ameinua kidevu tayari kwa kazi.

Mama Julienne akatoka ndani na kikwembe cha kijani, kipya, na kile kitambaa cheusi kichwani. Wimbo ukaanza. Akaingia katikati.

Wanangu, sijawahi kuwa na mwanafunzi aliyenitii namna ile. Viwiko ndani, hatua ndogo, basi inapiga, anavuta pumzi, ndipo anagusa. Seben ikaingia, hakutikisika. Alikuwa mle mle katikati, si vizuri, si vibaya. Nilimwona Tantine Béa anamtafuta kosa toka juu mpaka chini, halioni, mpaka mikono ikaanza kulegea. Moyo wangu ulijaa. Nilimkanyaga Espérance mguu kwa furaha.

Kambo Philomène akainua mkono. Kijana wa bafle akazima.

Jenereta tu ndiyo iliyokuwa inasema.

"Julienne," kikongwe akaita.

"Mama."

"Nani anakufunza hii?"

Mama Julienne alitazama chini. Angeweza kunigeukia, nilikuwa pale.

"Ni mi mwenyewe, mama."

"Mutoto yangu alikufa. Nayua, njo mi nilimuzala, njo mi nilimuzika. Mwaka muzima nangoja hii siku. Nilisema mu roho: ule bibi aliikala naye siku zote, hawezi kukosa kunichungia kitu. Nitaona hata kiloko. Na we unaniletea muntu mwenye kuogopa?"

Tantine Béa akainama sikioni mwake, lakini sote tulisikia.

"Mama, anacheza na heshima."

"Béa, nyamaza. Heshima tulikuwa nayo mwaka muzima. Nimechoka nayo." Halafu akamgeukia mkwewe. "Unayua vile alikuwa anacheza?"

"Nayua, mama."

"Basi."

Akamwonyesha kijana wa bafle kwa kidole. Muziki ukarudi, na Mama Julienne hakusogea. Alinyanyua macho akanitafuta kule nyuma, katikati ya vichwa vyote. Nikaona anangoja ruhusa. Nilisimama, kibibi mimi, mbele ya watu, nikatanua viwiko vyangu kama kuku anayetaka kuruka. Sikuwa na namna nyingine ya kumwambia.

Akafungua. Bega likapanda, goti likashuka, mkono ukashika kofia, na mguu wa kushoto ukaanza kuchora vumbi la uwanja polepole, bila haraka. Mzee mmoja wa mgodi, rafiki wa marehemu, aliruka akasimama akapiga kelele, "Anselme! Anselme eh!" na baada yake wanaume wote wakasimama. Watu walikuwa wanacheka na kulia kwa mdomo mmoja. Tantine Béa, mikono ile iliyokuwa kifuani ilianguka yenyewe. Alikuwa analia wazi kama mtoto, anasema, "Ni yeye. Njo yeye kabisa. Mutazame mukono." Nami nililia, na sikuzungusha uso.

Kambo Philomène alishuka kwenye kiti. Alimwendea mkwewe, akasimama karibu sana mbele yake, hakucheza, alimtazama tu kuanzia miguu, magoti, mpaka mabega, taratibu, mpaka wimbo ukaisha. Halafu akamwashiria ainame, maana alikuwa mfupi, akakifungua kile kitambaa.

"Enda ku Sakania," akasema. "Uende na furaha. Lakini ku mafeti, ku maarusi, urudie, nimuone."

Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mama Julienne alikuwa ameinama bado, kichwa wazi, ameshika mikono ya kikongwe, hataki kuiachia. Watu wakaanza kumiminika uwanjani kucheza. Lakini Kambo alikuwa hajamaliza. Alikunja kitambaa, akakiweka kwapani, akatazama safu za nyuma.

"Na ile ya mbele, ile ya kwanza. Nani alikufunza?"

Mama Julienne akafungua mdomo. Nikaona atasema uongo mara ya pili kwa ajili yangu, na hiyo sikuweza kuivumilia. Nikasogea mpaka mbele, nimeshika mkoba wangu tumboni.

"Kambo, pardon. Ile mubaya, njo yangu."

Kikongwe akanipima toka juu mpaka chini.

"Niliona," akasema. "Muntu hawezi kucheza mubaya vile peke yake. Banamufunza."